Kabati lililoinama Chuno: tulivyochagua upya samani za nyumba yenye watoto wanne

Dada yangu hapigi simu kabla ya saa moja asubuhi ila kuna jambo. Siku ile alisema maneno machache tu: "Mjomba wao, njoo uone. Kabati limetaka kutuulia mtoto." Nikaacha randa juu ya meza, nikapanda bodaboda mpaka Chuno, hapahapa Mtwara.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu wa tatu, mwenye miaka mitano, alijua kuna pakiti ya biskuti juu ya kabati la chumba cha bibi yake. Akavuta droo ya chini, akavuta ya kati, akavuta ya juu, kisha akazipanda kama ngazi. Alipokanyaga ya pili, kabati likamjia. Mama yetu alikuwa kitandani akisuka ukili. Aliinuka akalipokea kwa bega na mkono. Mtoto alitoka na mchubuko wa sikio. Mkono wa mama ulivimba siku nne.

Kwa asili sisi Wamakonde mtoto huhesabiwa upande wa mama yake, na mjomba ana kauli juu ya wapwa zake. Kauli hiyo ina wajibu ndani yake. Nami ni seremala. Nilikuwa nimekunywa chai katika chumba kile mara nyingi, mgongo wangu ukiwa umeegemea kabati lile lile, na sikuwahi kulitikisa. Ndiyo maana kisa hiki nakieleza kwa kirefu, pamoja na pale nilipokosea.

Nyumba ni ya vyumba vitatu na sebule, kuta za tofali za saruji, sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Dada ni muuguzi. Shemeji ana mikorosho Tandahimba. Watoto ni binti wa miaka 12, mvulana wa 9, huyu wa 5, na mdogo wa miaka 2 ambaye bado anatafuna kila anachokifikia. Mama anaishi nao tangu alipoteremka kutoka Newala. Samani zote isipokuwa moja zilinunuliwa kwa mpigo miaka mitatu kabla ya siku ile, kwenye duka moja la mbali, zikaletwa kwa roli baada ya malipo ya korosho. Familia nyingi za huku zinanunua hivyo: msimu ukilipa, seti nzima inashushwa mlangoni kwa siku moja.

Nilianza kwa kulilaza kabati chini na kuligeuza. Lilikuwa la ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, likavikwa karatasi yenye picha ya mishipa ya mninga. Miguu halikuwa nayo. Lilikaa sakafuni kwa ukingo wake. Dada anapiga deki kila asubuhi, na kila asubuhi ukingo ule ulikunywa maji kidogo. Ulikuwa umevimba na kupasuka kama andazi lililoumuka kupita kiasi. Nikiusugua kwa kidole gumba unatoka unga. Skrubu za bawaba zilitoka kwa mkono, bila bisibisi. Ubao wa namna hii una nguvu yake ukiwa mkavu na kingo zake zikiwa zimezibwa. Ukishanyonya maji haurudi, na skrubu iking'oka, tundu halina kitu cha kushika tena. Nilimwambia dada ukweli: mimi na miaka yangu yote ya useremala siwezi kulitengeneza, wala hakuna anayeweza.

Lakini uchakavu ule haukuwa sababu ya kabati kuinama, na hapa pana kosa ambalo watu wengi hulifanya. Droo tatu zikiwa wazi pamoja, uzito wote unakuja mbele. Ukiongeza mtoto wa kilo kumi na nane, hata kabati la mkongo litakuja, na la mkongo lingemponda. Kilichokosekana ni vyuma viwili vya pembe, kimoja kila upande, vilivyofungwa kwenye mbao ya mgongo na kwenye ukuta. Siku ileile, kabla hatujazungumza fedha wala mitindo, nilizunguka nyumba nzima na keekee. Rafu ya vyombo, kabati la televisheni, kabati la vyombo vya harusi, vyote nikavifunga. Tofali zetu za saruji zina lipu laini kwa juu, kwa hiyo skrubu fupi inashika lipu tu na itatoka na kipande chake. Toboa mpaka ndani ya tofali lenyewe, weka plagi, tumia skrubu isiyopungua inchi mbili na nusu. Kazi hiyo ilichukua saa tatu na fedha ndogo kuliko samaki wa siku mbili.

Sebuleni makochi yalikuwa yamekaa chini. Nilichana kitambaa cha chini nikaona fremu ya paini nyembamba iliyopigwa pini, bila ulimi wala tundu mahali popote, na sponji nyepesi iliyoshonewa moja kwa moja kwenye fremu. Kitambaa kilikuwa rangi ya maziwa. Kila aliyekulia huku anajua utomvu wa mabibo unafanya nini kwenye nguo: Oktoba mpaka Desemba watoto wanarudi na mikono inayonata, na doa lile halitoki kwa sabuni yoyote. Makochi yale yalikuwa na ramani ya misimu mitatu. Kitambaa hakivuliki, basi hakifuliki.

Vitanda vya watoto vilikuwa vimevunjika chaga, vimetegemezwa kwa matofali.

Samani moja tu haikutoka dukani, nayo ni kitanda cha mama. Ni teremka tukaze, cha kamba, kilichofungwa Newala kabla mimi sijazaliwa. Miguu minne ya mkongo. Mbao za ubavuni zimechongwa ulimi unaoingia kwenye tundu la mguu, na kila ulimi umepigwa kabari. Hakina hata msumari mmoja. Kamba ni za katani. Zikilegea, aliyelala anateremka, watu wawili wanazivuta upya, na ndiyo asili ya jina lake. Zikichoka kabisa zinakatwa na kusukwa nyingine. Mama anakumbuka kubadilisha mara saba. Wapwa zangu wote wanne wamekirukia. Nilikigeuza kama nilivyoligeuza kabati. Chini ya miguu palikuwa na alama nyeusi ya maji ya deki, unene wa kidole, na si zaidi.

Nilikaa chini nikakitazama muda mrefu. Aliyekitengeneza alijua kipi kitachakaa na kipi kitabaki, akavitenganisha. Kamba inachakaa, inatolewa, mbao haiguswi. Makochi na kabati la dukani vilikuwa vimeunganishwa kinachochakaa na kinachobaki kiasi kwamba kimoja kilipokufa vyote vikafa. Watu hubishana mninga au mkongo, mbao au chuma, la dukani au la fundi. Mimi siku ile nilipata swali ambalo naona linapita yote hayo, na ndilo tulilolitumia kwa kila kitu kilichofuata: kamba yake ni ipi, na ni nani wa hapahapa Mtwara anayeweza kuibadilisha?

Shemeji alikuwa na shilingi 2,600,000 mkononi, na nia yake ilikuwa seti mpya ya makochi. Sababu yake haikuwa majivuno. Mvulana wa miaka 9 alikuwa anaingia jando likizo ya Desemba, na wakati wa kutoka ndugu wa pande zote mbili wangejaa pale nyumbani.

"Shemeji," akaniambia, "wageni watakaa wapi? Kwenye haya yaliyozama?"

"Watakaa kwenye mikeka na mabenchi, shemeji. Wazee wetu walikaa hivyohivyo."

Hakupenda. Aliyeamua ni mama, kutoka chumbani kwake, mkono ukiwa bado umefungwa kanga: "Wageni wanalala siku mbili. Wajukuu wangu wanalala mwaka mzima." Vitanda vikatangulia.

Binti na mvulana wakubwa kila mmoja alihitaji kitanda chake, na wa miaka mitano alikuwa analala na kaka yake. Wazo la kwanza la shemeji lilikuwa dabo deka, ili kuokoa nafasi. Nilikataa kwa sababu tatu. Kitanda cha juu hakimfai mtoto aliye chini ya miaka sita, na katika ugomvi wa ndugu huyu wa miaka mitano ndiye angekuwa wa kwanza kukipanda. Pili, chumba kina pangaboi, na joto letu la Januari haliruhusu kuizima. Mtoto anayesimama kwenye kitanda cha juu kichwa chake kiko jirani na mapanga. Tatu, chandarua. Cha juu kinaweza kuning'inizwa, lakini cha chini hakipati nafasi ya kushuka na kuchomekwa vizuri chini ya godoro, na huku malaria si hadithi. Nafasi tuliipata kwa njia nyingine: kitanda cha tatu kilikuwa kifupi kwa kimo, kinaingia chini ya cha kaka yake mchana na kuvutwa nje usiku. Viwili vikubwa nilivitoboa tundu kwenye miguu yote minne ya kusimamishia fito za chandarua. Cha tatu kinatumia chandarua cha duara kinachoning'inia darini.

Sasa mbao. Kwenye yadi kila kitu kinaitwa mninga. Kipande cha mninga cha kweli kina kiini cha kahawia, mara nyingine chenye mistari myekundu, na pembeni yake kuna ukanda mweupe wa njano uliokuwa nje ya gogo. Ukanda huo ndio wa kuangalia. Una wanga, na wadudu wanaotoboa mbao wanafuata wanga. Ndio wanaokuachia vifusi vidogo vya unga mweupe sakafuni asubuhi. Mchwa nao wanaanzia hapo. Muuzaji akipaka rangi mbao nzima kuficha ukanda huo, geuza ncha utazame kichwa cha ubao, hapo rangi haidanganyi. Niliacha mbao nne kati ya kumi na nane. Mkongo, ambao nao ni mti wa misitu ya kusini, ni mzito na mgumu zaidi. Niliuchukua kwa miguu na kingo zinazogongwa na ufagio, baiskeli na vichwa. Mninga nikauchukua kwa sehemu pana, kwa kuwa hauchezi sana hewa inapobadilika. Kuna aliyeshauri mpingo kwa sababu ya sifa zake. Mpingo unazama majini kwa uzito, na magogo yake ni mafupi na yamepinda. Ni mti wa vinyago na filimbi, na hivyo unavyozidi kupungua sioni sababu ya kuulalia. Mbao zote nilidai risiti pamoja na hati ya kusafirishia. Vijiji kadhaa vya Kilwa vimejifunza kuvuna misitu yao kwa utaratibu, na wanaouza kwa magendo wanawakata miguu.

Kisha ukavu. Hili ndilo linaloua kazi nyingi za mafundi wazuri. Mbao mbichi ikiungwa Novemba, ikifika Agosti upepo wa kusi umeikausha, ulimi umesinyaa ndani ya tundu, na kitanda kinaanza kulia kila mtu akigeuka. Kanuni ya zamani inasema mwaka mmoja wa kivulini kwa kila inchi ya unene. Mbao za vitanda zilikuwa za inchi moja na zilishakaa yadini miezi kadhaa, kwa hiyo sikukisia. Nilikata kipande cha futi moja, nikakipima kwenye mizani ya muuza nafaka jirani, nikaandika uzito kwa penseli kwenye kichwa chake. Kila Jumamosi nikakipima tena na kuandika chini yake. Uzito uliposimama Jumamosi mbili mfululizo, nikaanza kazi. Ilikuwa wiki ya saba. Watoto wakati huo walilala kwenye magodoro juu ya mikeka, na dada alivumilia maneno ya majirani.

Vichwa na miguu ya vitanda nimeunga kwa ulimi na tundu, kama cha mama. Mbao za ubavuni nimefunga kwa boliti, ili kitanda kipite mlangoni na kikazwe siku kikilegea. Chaga nilizifanya za paini, kwa makusudi. Shemeji alishangaa: mbona mbao ghali kote, halafu hapa rahisi? Kwa sababu chaga ndiyo kamba. Zimelazwa tu juu ya kijiti cha ubavuni, hazijapigiliwa, zina unene wa inchi moja, na chini yake unapita mwamba mmoja wa mninga. Mtoto akiruka na moja ikavunjika, inanunuliwa moja. Kitanda cha tatu, kile kinachovutwa, nilikiwekea kizuizi upande mmoja kwa ajili ya mdogo atakapohamia, na nafasi kati ya fito zake haizidi sentimita 6, kwani nafasi pana kidogo tu inapitisha mwili na kunasa kichwa.

Miguu ya kila kitu katika nyumba ile sasa ina kimo cha sentimita 12 au zaidi. Deki inapita chini bila kugusa mbao, na mchwa akijenga kijia chake cha udongo anaonekana siku hiyohiyo.

Makochi hayakununuliwa. Nilitengeneza fremu mbili za mninga zilizo wazi, na mito inayotoka. Foronya zina zipu, rangi ya kahawia iliyokolea kama bibo lililokauka, na dada alishona jozi ya pili. Hapo kwenye mito ndipo nilipomshauri shemeji asibane fedha. Sponji ya kukalia iwe ya kilo 30 au zaidi kwa mita moja ya ujazo, na kwa kuwa hakuna muuzaji anayeandika, tulipima wenyewe: mto wa sentimita 60 kwa 60 wenye unene wa 10 usipungue kilo moja na gramu kama themanini. Wa kwanza tulioletewa ulikuwa na gramu mia saba. Tukaurudisha.

Meza ya kioo ya katikati iliondoka bila mjadala. Mabenchi mawili yalikamilika kabla ya Desemba, na wageni wa jando walikaa juu yake na kwenye mikeka. Sikusikia mtu aliyenung'unika. Meza ya chakula, ambayo ndiyo meza ya kazi za shule, ilingoja mpaka Agosti kwa sababu uso wake ni wa inchi moja na nusu na haukuwa umekauka. Kona zake nimezizungusha kwa kipimo cha kifuniko cha chupa ya chai. Nimeipaka mafuta ya linsidi badala ya vanishi: vanishi ikichubuliwa na bikari ya mwanafunzi inabanduka, na kuirudisha lazima upige msasa meza nzima, mafuta unayapaka tena pale palipochubuka, dada anaweza mwenyewe. Matambara yaliyopakia mafuta hayo yatandazwe nje yakauke. Yakikunjwa na kurundikwa pembeni yanapata moto yenyewe, na karakana zimeungua hivyo.

Kosa langu lilijitokeza Machi. Nguo za mama niliziwekea kabati fupi la futi tatu, lenye droo mbili na vyuma vya ukutani. Droo nilizifanya zibane vizuri, nafasi ya milimita moja tu, nikajisikia fahari siku ya kulikabidhi. Mvua zetu zinaanza kati ya Novemba na Desemba na kwenda mpaka Aprili, na ilipofika Machi mbao ilikuwa imevimba, mama hawezi kuvuta droo kwa mkono uleule uliopokea kabati la kwanza. Nilizipunguza kwa randa milimita mbili kila upande nikapaka nta ya mshumaa. Ningezipa nafasi tangu mwanzo. Boliti mbili nazo zilishika kutu kwa hewa ya chumvi, nikaweka zenye kupakwa zinki nzito na kuzitia grisi.

Binti mkubwa bado hana kabati lake. Fedha iliisha, na nguo zake ziko kwenye sanduku la bati la mama yake mpaka msimu ujao.

Chaga ya kwanza ilivunjika Juni, kwenye kitanda cha mvulana, na mvunjaji ni yuleyule wa miaka mitano. Sikuitwa. Kaka yake alikuja karakana baada ya shule na kipande kilichovunjika kama kipimo, akachagua paini kwenye mabaki, akaipima, akaikata kwa msumeno wa mkono huku nimemshikia upande wa pili. Alipoiweka begani kuondoka, akairudisha chini, akaomba penseli. Akaandika tarehe kwenye kichwa cha ubao.